Gazeti Lisilo na Amri

Mtu mwenye hofu husema sijui. Binti aliyekaa mbele ya Bi Taratibu asubuhi ile ya Jumatatu alisema siwezi, akalirudia mara nne kwa sauti ile ile, mikono yake imetulia mezani kama ya mtu anayengoja chai.

"Nani alikaa kwenye meza yako Jumatano saa nane?"

"Siwezi kusema, mama."

"Hujui, au huwezi?"

"Siwezi."

Bi Taratibu hakupandisha sauti. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na askari wenzake miaka mingi nyuma, maana faili ambalo wengine walilimaliza kwa siku mbili, yeye alikaa nalo wiki nzima, analipekua kama mtu anayechambua mchele wa wageni. Walimcheka sana. Lakini kwa miaka ishirini na sita mahakama haikuwahi kumrudishia hata faili moja, na mwenda pole, wanasema, hajikwai.

Binti naye alikuwa na jina la kupachikwa. Kwao na kazini aliitwa Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Tangu alipokamatwa Ijumaa, Chiriku alikuwa bubu wa hiari.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuisimulia, nzito kuibeba. Jumatano, saa nane na dakika ishirini mchana, gazeti la mtandaoni liitwalo *Mtu na Lake* lilitoa barua ya msomaji asiyetaja jina. Barua ilimsema mkaguzi wa majengo wa mji, mwanamke ambaye kazi yake ni kufunga nyumba mbovu zisije zikaangukia watu. Kumsema si kosa. Amesemwa sana na amezoea. Lakini mwisho wa barua ile palitajwa mtaa anaokaa, rangi ya geti lake, na maneno haya: nendeni na nyinyi mkamkague. Ijumaa asubuhi watu wakaenda. Mkaguzi alikuwa kazini. Aliyekuwa uani ni mama yake, bibi wa miaka sabini na moja, anaanika nguo. Jiwe likampata juu ya sikio. Tangu saa ile bibi yuko wodini, anapumua, hasemi.

Mafundi wa polisi walifuata nyayo za barua hiyo mpaka kwenye kompyuta moja tu: ya Chiriku. Kazi yake pale gazetini ilikuwa kupokea barua za wasomaji na kuzipandisha mtandaoni. Alikiri kwamba kompyuta ni yake. Alisema barua hiyo hakuiandika wala hakuipandisha. Akiulizwa ni nani basi, ndipo linakuja lile siwezi lake.

Bi Taratibu alimuuliza kama kuna mtu amemtisha. Akasema hakuna. Kama kuna anayempenda na anamficha. Akatabasamu kidogo, akasema angekuwa na mpenzi mji mzima ungeshajua, angeutangazia mwenyewe. Halafu tabasamu likazima.

"Nimetoa neno langu, mama. Neno ni neno. Ukishalivunja, unabaki na nini?"

Mlango ukafunguliwa. Mkuu wa kituo aliingiza kichwa tu, kama kawaida yake, akasema faili litakwenda kwa mwendesha mashtaka saa tisa alasiri, likiwa na jina la mtuhumiwa mmoja ambaye yupo hapo amekaa. Kisha akaongeza, bila kumtazama binti, "Na yule bibi akifa, shtaka litabadilika jina. Hapo dhamana asahau."

Chiriku alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alisikia kila neno. Kidole chake gumba kimoja kilianza kusugua meza.

*

Ofisi ya gazeti ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Bi Taratibu alipanda ngazi kwa hatua zake, mkono ukutani, na alipofika kwenye kona ya pili mkono ukaingia kwenye ufa. Ulikuwa ufa wa kuingiza vidole vinne, unashuka kutoka dari mpaka kwenye kidato. Juu yake palibandikwa tangazo lenye muhuri: jengo hili lihamwe ndani ya siku thelathini. Sahihi ilikuwa ya mkaguzi. Tarehe ilikuwa ya Jumatatu iliyopita, siku mbili kabla ya barua.

Akaandika hilo kwenye daftari lake, akajua pia kwamba halimwonyeshi mtu. Kila aliyepanga jengo lile, kuanzia muuza magodoro, alikuwa na sababu ya kumchukia mkaguzi wiki ile.

Aliyemfungulia mlango ni mwenye gazeti mwenyewe, mikono ya shati imekunjwa, viganja vina povu la sabuni ya vyombo. Watu walimwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha somo la uraia miaka kumi na tano kabla ya kuiacha chaki. Alikuwa mjomba wa Chiriku, kaka wa mama yake wa tumbo moja, na ndiye aliyemlea tangu binti akiwa na miaka tisa. Alimkaribisha Bi Taratibu kwa adabu, akajifuta mikono, akamletea chai mwenyewe. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi. Alisema dada yake haongei naye tangu Ijumaa.

Bi Taratibu alimwomba amsimulie gazeti lilivyozaliwa, naye akasimulia vizuri, maana kusimulia kulikuwa ndiyo kazi yake. Miaka sita iliyopita alianza peke yake, sebuleni kwake. Makala ya kwanza ilikuwa ya msusi aliyenyang'anywa kiti chake na watu wa halmashauri kwa kosa la kukiweka nje ya mlango wake mwenyewe. Ilisomwa na watu elfu saba kwa siku mbili, na kiti kikarudishwa. Ndipo Mwalimu alipojua kwamba kuna wengi waliochoka kuamriwa. Akaandika kwamba mtu mzima ni mali yake mwenyewe. Kwamba serikali ni kama mgeni, ikikaa siku nyingi ipewe jembe. Wasomaji wakajaa, waandishi wakaja, ofisi ikapatikana.

Ugomvi nao ukaja na miguu yake. Waliandika kwamba kufunga mkanda wa gari kuwe hiari. Wakaandika kwamba mzazi asilazimishwe kupeleka mtoto shule, na walimu wenzake wa zamani wakaacha kuitikia salamu yake. Wakamtetea mtu aliyetaka kuuza figo yake. Nyumba ya ghorofa nne ilipoanguka na watu ndani, gazeti liliandika wiki ile ile kwamba ukaguzi wa majengo ufutwe, na hapo hata baadhi ya rafiki zao waliondoka. Mwaka jana mwandishi mmoja alichapa namba ya simu ya ofisa mmoja na jina la shule ya watoto wake. Pakawaka moto ofisini. Nusu ya waandishi walihama. Mwalimu mwenyewe akaandika kwenye ukurasa wa mbele kwamba mlango wa mtu ndio mpaka wa dunia, asiuvuke askari, asiuvuke mwandishi. Wasomaji waliyakariri maneno hayo.

"Na barua ile bado ipo mtandaoni," Bi Taratibu akasema.

"Ipo."

"Kwa nini hujaiondoa?"

"Hapa hakuna anayefuta maneno ya mwenzake. Anayeruhusiwa kufuta ni aliyeandika tu. Hata mimi sina amri hiyo."

"Mkaguzi analala kwenye benchi la hospitali, Mwalimu. Anaogopa geti lake."

Mwalimu aliinamisha kichwa.

Bi Taratibu akainuka na kikombe chake, akaanza kutazama ukuta. Ukuta ule ulikuwa umejaa karatasi toka kiunoni hadi juu ya kichwa, kila moja ina sahihi mbili. Mwalimu alimweleza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapata uhai, kwamba hapa hakuna bosi, hakuna amri, kuna mapatano. Mtu akitaka jambo kwa mwenzake, wanakubaliana, wanaandika nakala mbili, wanasaini. Mapatano yakitimia, kila mmoja anachana nakala yake mbele ya mwenzake. Kuchana kabla ya kutimia ni wizi.

Alisoma zote, moja moja, na chai ikapoa. Mmoja alikubali mwenzake afungue dirisha asubuhi, kwa sharti la kulifunga ikinyesha. Mwingine aliazima mwavuli siku tatu, na badala yake angesahihisha makala mbili. Wawili walikubaliana kutozungumzia mpira kabla ya saa nne. Moja ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wa mviringo, wa binti: Chiriku ataosha vikombe vya ofisi kila siku mpaka mwisho wa mwaka, na hakuna atakayemhamisha kwenye meza ya dirishani. Hiyo peke yake ilikuwa na sahihi za wote.

Bi Taratibu alirudi kwenye ile ya vikombe, akaisoma tena.

*

Aliyekuwepo ofisini zaidi ya Mwalimu ni fundi mitambo, mwanamume mnene mwenye shavu lililovimba upande mmoja. Askari wengi wangeanzia kwake, na mkuu wa kituo alikuwa ameshalizungusha jina lake kwa wino mwekundu kama msaidizi wa Chiriku. Mkaguzi aliwahi kuifunga tanuri ya mikate ya kaka yake. Fundi alikuwa amemwandika mara tatu, na mara zote kwa matusi.

Hakukana. Alisema yule mama anamchukia na atamchukia mpaka kaburini. "Lakini mimi nikimtukana mtu natia jina langu, afande. Tena natia na picha. Kutukana kwa kujificha ni kama kupiga chafya ndani ya blanketi, unajiumiza mwenyewe."

Jumatano saa nane alikuwa wapi? Kwa daktari wa meno. Bi Taratibu alipiga simu hapo hapo. Muuguzi akasoma kitabuni: aliingia saa saba na nusu, akatoka saa tisa kasoro, jino la nyuma, lilikataa kutoka. Njia hiyo ikafungwa.

Basi akamuuliza jambo ambalo halikufanana na upelelezi hata kidogo. Alimuuliza ni tangu lini Mwalimu anaosha vikombe.

Fundi akafikiri, akasema tangu Alhamisi.

"Si tangu Ijumaa, binti alipokamatwa?"

"Alhamisi. Nilikuja na mdomo huu, chai ya moto siwezi, nikamkuta Mwalimu yuko kwenye sinki. Nikamwambia, leo serikali imeosha vyombo. Nilicheka mpaka kidonda kikafunguka, siwezi kuisahau. Na Chiriku alikuwepo, amekaa mezani kwake, hakucheka."

"Aliwahi kuosha siku nyingine?"

"Mwalimu? Miaka yote sita sijawahi kumwona na sabuni."

Bi Taratibu alifunga daftari. Asubuhi yote alidhani ni huruma ya mjomba, anamshikia mtoto kazi yake akiwa ndani. Huruma ingeanza Ijumaa. Na mahali ambapo hata mwavuli una mkataba, kazi ya mtu haihami mikono bure. Kama Mwalimu anaosha vikombe vya Chiriku tangu Alhamisi, basi Jumatano Chiriku alimpa kitu. Na mapatano hayo hayakuwa ukutani pamoja na mengine.

Ilikuwa saa saba na robo.

Alimkuta Mwalimu kwenye sinki, kikombe cha mwisho mkononi, anakizungusha chini ya maji taratibu, ndani na nje. Aliosha vizuri, kama mtu anayelipa. Bi Taratibu akachukua kitambaa, akasimama pembeni, akaanza kukausha. Walifanya kazi hiyo bega kwa bega, kama mtu na dada yake.

"Zimebaki siku ngapi?" akauliza.

"Sita," Mwalimu akasema.

Ulimi hauna mfupa. Wa mwongo unateleza kwenye uongo. Wa mtu aliyezoea kuhesabu deni la neno lake unateleza kwenye ukweli. Mwalimu alifunga bomba. Maji yaliyobaki yalidondoka mara mbili tatu, kisha yakanyamaza.

"Siku kumi," Bi Taratibu akasema. "Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, leo. Nipe karatasi, Mwalimu. Najua hujaichana. Huwezi kuichana."

Aliitoa kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nne. Bi Taratibu aliisoma amesimama pale pale. Chiriku anampa mjomba meza yake na kompyuta yake, Jumatano, saa nane hadi saa tisa, akae peke yake. Hatamuuliza alichofanya, wala hatamwambia mtu yeyote kwamba alikaa. Mjomba ataosha vikombe badala yake siku kumi za kazi. Sahihi mbili.

Mwalimu alianza kueleza. Jengo likifungwa, gazeti limekufa. Hakuna mwenye nyumba mwingine atakayewapokea. Kwa jina lake asingeweza kuandika, maana ni yeye aliyesema mlango wa mtu ni mpaka. Kompyuta ya Chiriku ndiyo inayotoa barua za wasio na jina. Alitaka mkaguzi aone inavyokuwa mtu kusimama getini kwako. Hakutaka mawe. Jiwe hakurusha.

"Kwa hiyo binti yuko ndani kwa ajili ya vikombe," Bi Taratibu akasema.

"Yuko ndani kwa ajili ya neno lake. Nimemfundisha mwenyewe."

"Na wewe umekaa nje kwa ajili ya neno lipi?"

Mwalimu alishusha mikono ya shati, akafunga vifungo, kimoja kikamshinda. Kisha akafuata koti lake.

*

Chumba kilikuwa kile kile cha asubuhi. Chiriku alipomwona mjomba wake anaingia alisimama, akamwamkia kama alivyolelewa, naye akaitikia. Bi Taratibu aliiweka ile karatasi katikati ya meza. Binti aliitazama bila kuigusa.

"Umemaliza siku kumi, mjomba?"

"Bado."

"Basi mimi sina la kusema."

Ilikuwa saa nane na nusu. Bi Taratibu alikuwa na karatasi, alikuwa na fundi, lakini bila kinywa cha binti mwendesha mashtaka angesema wote wawili waliandika, wakagawana kazi. Hakumsukuma. Alimgeukia Mwalimu, akangoja, na kungoja ndiko alikokuwa bingwa.

"Nakuachilia," Mwalimu akasema.

"Iandike."

Akaandika. Kalamu ilimchukua muda. Ninamwachilia mwanangu kutoka katika mapatano ya Jumatano, aseme yote. Binti aliisoma, akasaini chini, akaisukuma kwa Bi Taratibu. Mapatano yenyewe hakuna aliyeyachana. Hayo sasa yalikuwa ya mahakama.

"Nilikuwa nahesabu," Chiriku akasema. Hakuwa analia. "Ijumaa nikasema atakuja jioni. Jumamosi nikasema anamalizia kazi. Jana ofisi imefungwa, hana kikombe cha kuosha, nikasema leo ndiyo anakuja. Nilikaa nimeangalia huo mlango, mjomba, mpaka nikajua misumari yake yote."

Mwalimu alifungua mdomo. Binti akainua kiganja.

"Kwanza ifute ile barua. Wewe ndiye uliyeiandika."

Waliletewa kompyuta ya kituo. Mwalimu aliingiza neno la siri kwa kidole kimoja, akaifuta, akageuza kioo ili wote waone ukurasa ukiwa mtupu. Bi Taratibu aliandika saa: nane na dakika arobaini na sita. Kisha akachukua maelezo ya Chiriku, neno kwa neno, na binti akasema yote bila kukwama: alivyoombwa meza, alivyosaini, alivyokwenda kukaa ngazini saa nzima karibu na ule ufa, alivyoikuta barua imeshatoka.

Walipofika mwisho alimwambia asimamishe kalamu kwanza.

"Andika kwamba sikumuuliza anataka kufanya nini. Angeniambia, labda. Sikumuuliza."

Bi Taratibu alimweleza kwamba hilo halihitajiki, na wakili wa upande wa pili anaweza kulishika likamchoma.

"Andika tu, mama."

Akaandika.

Saa tisa kasoro dakika tano faili liliingia kwa mkuu wa kituo likiwa na jina jingine juu yake. Alilisoma, akafuta la zamani kwa mstari mmoja. Mwalimu alipelekwa ndani. Alipopita karibu na mpwa wake alipunguza mwendo. Binti alikuwa ameangalia dirishani.

Mapokezi, askari wa zamu alimwaga vitu vya Chiriku juu ya kaunta: simu, kitana, leso, funguo za nyumba ya mjomba. Akamgeuzia kitabu kikubwa, akamwonyesha kwa kidole pa kusaini, akamwambia afanye haraka, kuna watu nyuma.

Chiriku alishika kalamu. Hakuishusha.

"Nikisaini hapa," akauliza, "nitakuwa nimekubali nini?"

Askari akasonya, akasema asaini tu, ni vitu vyake, hakuna la ajabu. Foleni ikaguna. Binti hakusogea. Bi Taratibu akatoka mlangoni alipokuwa amesimama, akavuta kiti karibu na kaunta, akavaa miwani yake, akaanza kumsomea ukurasa ule mstari kwa mstari, tangu juu kabisa.